Kamba ya Komanda

Goma, Majengo, Jumapili tarehe 20 Juni 2021

Kaka Viateur,

Nakuamkia wewe, mke wako Léocadie na watoto. Natumaini barua hii inawakuta wazima, na kwamba kile kikohozi kilichokusumbua mwezi wa tatu kimekuachia. Sisi huku tuko hai, na neno hilo nimelipima kabla ya kuliandika: hai sote, na nyumba imesimama. Kuna ufa mmoja uliopita ukutani kutoka mlangoni hadi dirisha la jikoni, naweza kuingiza kidole cha mwisho. Papa anakula, analala, na anagombana na redio, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu tunaulizana hali, tunaulizana bei ya unga, kisha mmoja wetu anasema batri inakufa. Jambo ninalotaka kukuambia lina tarehe, nawe unanijua, bila daftari mbele yangu naanza kuchanganya. Mama Kahindo, jirani yetu anayeuza vitenge, anapanda ndege ya Lubumbashi Jumatano. Ameahidi kuiweka barua hii mkononi mwako na si mkononi mwa mwingine. Isome ukiwa umekaa. Si msiba.

Nianze na volkano, maana najua watoto watauliza. Ililipuka Jumamosi tarehe 22 Mei. Moto ulishuka upande wa Buhene, ukakata barabara ya Rutshuru, ukasimama kabla ya kutufikia. Tulidhani yamekwisha. Ndipo ardhi ikaanza kutetemeka, mchana na usiku, hata sufuria zikawa zinatembea zenyewe mezani. Alhamisi tarehe 27 ikatangazwa kwamba kartie kumi, yaani mitaa kumi ya mji, ziondoke, na Majengo ilikuwa mojawapo. Nilikodi chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo, kwa ajili ya Papa. Alikataa kuipanda, akisema hajawa gunia la viazi. Tulipofika Ndosho alisimama, akapumua, akasema basi, labda ni gunia. Akapanda. Mimi nilibeba unga, madaftari yangu, na paka ndani ya kikapu. Huyu ni Masera wa tatu, naye amerithi kiburi chote cha wa kwanza.

Njiani kwenda Sake, katikati ya watu na magodoro, Papa alisema kwamba safari hii inamkumbusha ile ya Kibumba. Wewe na mimi tunajua ile ya Kibumba iliacha nini. Miaka kumi na miwili na miezi minane sasa, wewe na Papa hamjaongea kama baba na mtoto, na yote kwa sababu ya mbwa. Watu wa mjini nikiwaambia hivyo wanacheka. Wanasema haiwezekani, lazima kuna shamba ndani yake, au mwanamke. Ni lazima mtu awe amelelewa nyumbani kwetu ndipo aelewe.

Niruhusu nikumbuke kidogo, maana kule Sake, nikiwa sina la kufanya, nilisoma madaftari yote tangu mwanzo.

Tarehe 17 Januari 2002 volkano iliukata mji wa Goma vipande viwili. Jumatatu iliyofuata Papa alishuka kwa miguu kumtafuta shangazi, akamkuta mzima. Wakati wa kurudi, kando ya mawe yaliyokuwa bado yanatoa moshi, akaona mtoto wa mbwa wa rangi ya kahawia, ncha ya mkia nyeupe kana kwamba ameichovya kwenye maziwa, amesimama kwa miguu mitatu. Wa nne, wa mbele kulia, ulikuwa umeungua. Papa alimtia ndani ya koti akapanda naye hadi kwetu Kibumba. Wewe ndiye uliyempaka siagi mguuni kila asubuhi kabla ya kwenda kukamua. Mguu ulipona, lakini kucha mbili hazikurudi, kwa hiyo maisha yake yote aliacha matopeni nyayo tatu kamili na mmoja pungufu. Unyayo huo uukumbuke, nitaurudia.

Jina la Komanda alilipata siku ya pili tu, alipomfukuza Masera kwenye majivu ya moto ya jikoni, mahali ambapo hata sisi hatukuthubutu kumgusa paka yule. Masera wa Mama, mweusi mwenye kifua cheupe kama masera, wale watawa wa parokia, alihamia juu ya magunia ya mbegu za viazi na kutazama ukuta kwa wiki nzima. Mama alisema tumwache, ameingia mafungo.

Na jina lile karibu lituue. Nimeandika chini ya tarehe 3 Machi 2003: waasi walikuwa wametawala, na komanda wao wa kweli alikuwa amepanga nyumba ng'ambo ya ua wetu. Mama, bila kufikiri, akapaza sauti: "Komanda, mwizi wewe, toa kichwa kwenye sufuria yangu!" Kichwa cha askari kikatokea juu ya ua, kikauliza ni nani anayeitwa mwizi. Mama akajibu papo hapo kwamba anamsemesha mume wake. Papa alikuwa ameketi pale na kikombe chake cha maziwa. Ikabidi ainamishe kichwa kama mtu aliyekamatwa na nyama mdomoni. Askari akamhurumia, akamwambia, "Pole, muzee," akaondoka. Kuanzia siku ile tulimwita mbwa Karoti, kwa miezi mitano, na kwa miezi mitano hakugeuza hata sikio. Ni wewe tu uliyeendelea kumpata, kwa sababu hukuwahi kumwita kwa jina. Ulipiga mluzi.

Utakumbuka pia ugomvi wa Papa na jirani yetu Havugimana, ile mikaratusi saba iliyopandwa mpakani mwa mashamba yetu mwaka 2006. Papa aliamuru kwamba hakuna mtu wa kwetu kumsalimu mtu wa kule, wala kuazima moto, wala chumvi. Wewe ulivunja amri hiyo, nasi tulijua, kwa sababu ya binti yao. Papa naye alijua. Alijifanya hajui, na jambo hilo alilihifadhi.

La mwisho la kukumbuka ni daftari lenyewe. Halikuwa langu peke yangu. Papa, ambaye hakusoma, alilitumia kama kalenda ya shamba. Kila Jumapili baada ya misa nilimsomea kwa sauti yote ya wiki: siku tuliyopanda viazi, siku ya mvua ya mawe, siku ng'ombe alipopelekwa kwa dume. Wewe na yeye mkibishana, mlisema mara moja, "Mulete daftari," na nililosoma ndilo lililomaliza maneno.

Sasa ile siku. Jumatatu tarehe 27 Oktoba 2008 mabomu yalianza kusikika saa mbili za asubuhi. Papa aligawa kazi: Mama na paka ndani ya kikapu, mimi na unga, wewe umfunge Komanda nyuma ya ghala mpaka sote tuwe barabarani, kisha urudi umfungue, atufuate kwa nyuma. Alikuwa na sababu. Mbwa yule akiona bunduki alibweka, na nyakati zile mbwa akibweka alipigwa risasi, na mwenye mbwa akaulizwa maswali. Ulimfunga. Ndipo bomu likaanguka kwenye kabichi za watu, na watu wakakimbia kama maji. Tulitenganishwa. Nilipowafikia Kibati saa kumi, mlidhani nilipotelea kwenye umati. Nilikuta Papa na wanaume wawili wamekushika mikono, nawe unasema urudi tu, dakika moja, urudi tu. Uso wako ule sijauandika popote, na bado nauona.

Tarehe 9 Novemba, chini ya shitingi, turubai la kambi, ulipiga magoti ukamwambia Papa kwamba ulimwacha Komanda amefungwa, akusamehe. Papa alikuwa ametoka kutazama shamba asubuhi ile ile. Alikujibu kwamba siku utakapokuwa tayari kusema kweli, utamkuta. Wewe ulidhani anataka majuto zaidi. Ulirudia Noeli ya 2009, maneno yale yale. Ulirudia tarehe 14 Agosti 2015, tulipomzika Mama, ukiwa upande mmoja wa kaburi naye upande wa pili, naye akageuza uso mbele ya watu wote. Kesho yake ulipanda ndege. Na mwaka jana wanao waliniambia kwenye simu kwamba umewakatalia mbwa, na kwamba hutaki kusema kwa nini.

Nimefika Sake.

Tulilala katika shule ya msingi, familia sita kwenye darasa moja. Jumapili tarehe 30 Mei, saa nne, aliingia uani mwanamke mzee mwenye bidoni ya maji kichwani, na nyuma yake mjukuu wake wa kike akivuta mbwa kwa kipande cha kitenge. Alikuwa Mukakalisa, mke wa Havugimana. Havugimana mwenyewe alifariki miaka minne iliyopita. Vita vya 2012 viliwahamishia Munigi, na safari hii nyumba yao imeungua yote. Mbwa alikuwa jike mwenye mimba kubwa, wa kahawia, ncha ya mkia nyeupe.

Papa aliutazama mkia ule kwa muda mrefu. Kisha akamsalimu Mukakalisa, salamu ya kwanza tangu mikaratusi, akampa pole ya mume na pole ya nyumba, akamwonyesha nafasi kwenye mkeka wetu. Alipokwisha kukaa akamwambia, kwa upole, kwamba mbwa huyu ametoka kwa mbwa wake. Mukakalisa akajibu, ndiyo, muzee, ni mjukuu wa Komanda. Papa akasema anajua. Akasema kwamba tarehe 9 Novemba 2008, aliporudi kutazama shamba, aliona matopeni mlangoni kwa Havugimana nyayo tatu kamili na mmoja pungufu. Akachungulia, akamwona Komanda mwenyewe amelala kando ya mtoto mchanga, na moyo wake ukashindwa kumchukua. "Lakini kijana wangu," akasema, "aliwapa ninyi mbwa wangu kwa siri kwa sababu ya binti yenu, kisha akanidanganya machoni. Mara tatu. Mbwa niliwasamehe. Uongo ule sijaweza."

Mukakalisa aligeuka akanitazama mimi. Kisha akamvuta mbwa karibu na mkeka. Zamani alinipa ahadi, na mwanamke yule ameishika ahadi ile kuliko nilivyostahili.

Kaka, Komanda hakufa kwenye kamba. Mimi ndiye niliyemfungua.

Siku ile nilikuwa nimefika barabarani nikagundua kwamba daftari limebaki chini ya godoro. Nilirudi kwa ajili ya daftari, si kwa ajili ya mbwa, na hilo pia uliandike kwenye deni langu. Nilipopita nyuma ya ghala nilimwona. Hakuwa akilia. Alikuwa ameketi, masikio yameelekea barabarani ulikokwenda wewe, akisubiri mluzi. Fundo ulilofunga lilikuwa lile la ng'ombe wakati wa kukamua, linalofunguka kwa kuvuta mara moja. Umeteseka miaka yote hii kama mtu aliyemfunga mnyama ili afe. Mimi nililishika fundo lako. Lilikuwa fundo la mtu anayerudi.

Nilivuta mara moja, likafunguka. Lakini sikuweza kutembea naye barabarani kati ya bunduki zote zile, na peke yake angekimbia moja kwa moja kwenye mabomu kukutafuta. Mukakalisa alikuwa amesimama mlangoni kwake. Hawakukimbia, kwa sababu mkwe wake alikuwa na uchungu wa kuzaa na hakuweza kutembea. Nilimkabidhi kamba. Nilimwomba asimwambie mtu kwamba ni mimi, kwa kuwa nilikuwa nimevunja amri mbili kwa mpigo: kurudi nyuma, na kuongea na watu wa mpakani. Alisema, "Kimbia, mutoto. Nimepokea." Msichana aliyemvuta mbwa kule Sake ndiye aliyezaliwa jioni ile, na Komanda alilala mlangoni bila kubweka hata mara moja.

Nilinyamaza kwanza kwa woga. Nilijua Jumapili Papa ataniambia nisome, nikaandika katika daftari: "Komanda amebaki amefungwa. Mungu amhurumie." Ni mstari mmoja tu wa uongo katika madaftari ishirini na tatu. Nikausoma kwa sauti mbele yako. Nilikuona unavyoinama, nikaendelea na mstari unaofuata, kuhusu foleni ya maji. Nilijiambia nitakuambia vita vikitulia. Vikatulia, nami nikawa naona aibu ya kuchelewa, na kila mwaka aibu iliongezeka mwaka mmoja. Nilidhani Papa amekukasirikia kwa kumwacha mbwa, na kwamba hasira hiyo itaisha yenyewe. Sikujua kabisa kwamba aliona unyayo. Kule Sake ndipo nilipoelewa kwamba kila ulipomwambia kweli, yeye alisikia uongo, na aliyeufanya ukweli wako uwe uongo ni mimi.

Usiku ule sikulala. Asubuhi, Jumatatu tarehe 31, nikimwagia Papa maji ya kunawa, nilimwambia yote kwa mpangilio, kuanzia godoro hadi kamba. Alibaki na mikono imekingwa, maji yakipita kati ya vidole. Akaniambia nilete daftari. Nikamwambia daftari linasema uongo siku ile. Akasema anajua, nilisome hivyo hivyo. Nikasoma. Kisha akauliza ni siku zipi hizo tatu ulizomwambia. Nikamtajia tarehe tatu. Akazirudia kwa vidole, moja, mbili, tatu, kama anavyohesabu ng'ombe jioni. Akasema, "Mutoto alipiga magoti." Akalia, si sana, kwa namna ya watu wasiozoea. Mimi nilingoja anifukuze. Badala yake akanituma nimwite Mukakalisa aje kunywa chai, na walipokuwa wakinywa akamwomba amsimulie maisha ya Komanda yote, mwaka kwa mwaka.

Nimeyaandika, na nakutumia kwa ufupi. Aliishi hadi Februari 2014, miaka kumi na miwili. Alimfukuza paka wa kule pia kwenye majivu. Mtu yeyote akipiga mluzi barabarani alisimama, akasikiliza, akarudi kulala. Alikufa mchana, juani, kando ya ukuta wa Munigi, baada ya kula. Mukakalisa anasema alimfunika kwa kitenge chake kizima, si kilichochakaa.

Tarehe 2 Juni yule jike alizaa watoto wanne darasani, chini ya ubao, na walimu wa shule ile walituletea uji wa mama mzazi kwa mzaha. Tarehe 7 tuliporudi Majengo, Papa alimwomba Mukakalisa mmoja wa kiume, wa kahawia. Baada ya siku chache yeye na mjukuu wake waliungana nasi, wanalala chumba cha nyuma mpaka wajenge upya. Jana mtoto wa mbwa alitolewa kwa mama yake chumba cha nyuma akaletwa upande wetu, kwa kuwa ameanza kulamba maziwa ya kikombe. Papa na Mukakalisa wanabishana kila siku juu ya ile mikaratusi saba, iliyokatwa na askari mwaka 2012, hata visiki havipo. Naona wanafurahia.

Sikuombi useme kwamba si kitu. Ni kitu. Nilikuacha ubebe mzigo wangu tangu ukiwa kijana hadi ukaota mvi, nami nakuomba msamaha kwa maandishi, kwa sababu maandishi ndiyo niliyokukosea nayo. Chini ya mstari ule wa 2008 nimeongeza kwa kalamu nyekundu: "Si kweli. Nilimfungua mimi, Athanasie. Viateur alisema kweli." Papa ameweka alama ya kidole chake pembeni.

Na haya ni yake, nimeyaandika kama alivyoyasema, ameketi hapa mbele yangu na anataka kuona kalamu ikitembea: "Viateur, mutoto wangu, uliniambia kweli mara tatu, na mara tatu sikusikia. Daftari lilisema hivyo, macho yangu yakasema vile, nikaamini vyote isipokuwa wewe. Likizo ya shule ikifika ukuje na watoto. Usingoje nife, hapo nitakuwa sisikii tena."

Uwanja wa ndege umefunguliwa, na ufa wa ukutani nitauziba kabla hamjafika. Msalimie Léocadie, wabusu watoto, uwaambie kwamba Masera wa tatu hapendi kuvutwa mkia. Mukakalisa anakusalimu, na anasema binti yake ana watoto watano na ameacha kukungoja. Sote tunakuombea safari.

Ni mimi dada yako mdogo,

Athanasie

N.B. Mtoto wa mbwa hana jina bado. Papa anasema ni haki yako kumpa, ila lisiwe la cheo cha jeshi. Wakati tunangoja tunampigia mluzi, lakini hakuna anayeujua ule wako.